Maji ya Mlangoni

Siku Ngassa alipoingia dukani kwangu nilikuwa nimeshika bisibisi. Namshukuru Mungu ilikuwa ndogo.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, jua la Kahama limeshaanza utovu wake wa adabu. Nilikuwa nimeinama nyuma ya amplifaya nikikaza waya, nikasikia mlango, kisha nikasikia hatua. Hatua mbili tu, nikajua. Mguu wake wa kushoto huburuta kidogo tangu udongo wa duara, shimo la dhahabu, ulipomwangukia kule Geita, enzi hizo bado anachimba kwa mikono yake mwenyewe. Wiki tatu nilimpelekea uji hospitalini na ule mguu umening'inizwa juu. Nitausahauje?

"Hodi hapa," akasema.

"Umeshaingia. Hodi ya nini tena?"

Nikainuka. Miaka mitatu, jamani! Shati jeupe la pasi, saa nzito mkononi, funguo za gari anazizungusha kidoleni kama mtu asiye na haraka na dunia. Lakini uso ulikuwa ule ule, na macho yale yale yanayokutazama kana kwamba duka zima hamna kitu kingine. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angalau angekuwa amepata kitambi.

"Habari za siku nyingi, Safiya."

"Siku nyingi zina habari nyingi. Unataka ipi?"

Akatabasamu upande mmoja. "Nimekuja kununua. Nimejenga Geita. Sebule kubwa, spika nimeagiza, amplifaya nimeagiza. Fundi aliyenifungia anasema kimebaki kigeuzi, na kwamba kanda yote hii mwenye vigeuzi vya maana ni wewe."

Fundi wake hakumdanganya. Muziki uliomo kwenye simu au kompyuta si muziki bado, ni namba tupu. Kinachozipokea zile namba na kuzigeuza kuwa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya ni kijisanduku hicho, mafundi tunakiita DAC, wateja wangu wanakiita kigeuzi. Ukiwa na spika za mamilioni na kigeuzi cha ovyo, umempikia mgeni pilau ukampakulia kwenye karai la zege. Baba yangu, Mzee Shaaban, fundi redio wa Nyahanga, alinifundisha hayo kabla sijajua kusuka nywele.

"Unataka kigeuzi cha namna gani?" nikamuuliza, sauti ya biashara.

"Cha bei kubwa kuliko vyote."

"Hukusema kizuri. Umesema cha bei kubwa."

"Kwani si kitu kimoja?"

"Kwa wanunuzi wa dhahabu, labda."

Hakucheka. Akaegemea kaunta, akaninong'oneza kama anayenipa siri, "Nataka kiwe kimefungwa kabla ya Jumamosi. Jumamosi washenga wangu wanakwenda Runzewe. Anaitwa Loveness. Anapenda sana muziki."

Alilisema akinitazama usoni, bila kupepesa. Alitaka kuona linaingia wapi. Nami nikageuka kutafuta kitambaa cha kufutia vumbi, maana sikutaka aone.

Washenga! Mtu huyu ana ulimi wa kutamka neno hilo mbele yangu!

Acha niwaeleze, ili msinione mimi ndiye mchawi. Miaka mitatu nyuma Ngassa aliniambia, "Jumapili watu wangu wanakuja kwenu." Nikamwambia mama, mama akamwambia baba. Sisi asili yetu Pangani, babu alikuja huku na biashara akabaki, na kwetu watu wa posa huja baada ya alasiri. Mama akaamka kupika. Baba akatandika mkeka mpya kwa mikono yake, akavaa kanzu aliyoitunza tangu Idi, akakaa. Alasiri ikapita. Magharibi ikapita. Majirani wakawa wanapita mlangoni mara mbili mbili, eti wanatafuta kuku. Baba kila nikichungulia ananiambia, "Watakuja. Kijana yule hana uongo." Baada ya isha akaukunja mkeka mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Miezi minne baadaye tukamzika. Daktari aliandika presha. Mimi kila nikiisoma ile karatasi niliona jina la Ngassa.

Hakupiga simu, hakuleta salamu, hakuja matangani. Nilikuwa nimeapa kwamba siku nitakayompata, nitamkalisha chini asikie alichomfanyia baba yangu.

Na sasa Mungu amemleta kwa miguu yake, tena na pesa mfukoni. Nikatoa chini ya meza kigeuzi cha uso wa dhahabu.

Kilikuwa kinang'aa kama jino la tajiri, na taa za buluu zinazopanda na kushuka. Ndani yake, takataka. Niliwahi kukifungua, nikakuta sahani moja nyembamba ya waya na kipande cha chuma cha kuongezea uzito. Nilikiweka ili niwaonyeshe wateja jinsi watu wanavyoibiwa. Kando yake nikaweka kile cha kweli, cha kijivu, hakina taa, hakina mbwembwe, sura kama tofali. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote dukani.

Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye dhahabu. Nilijua tu.

"Hiki hapa," akasema. "Hiki kinafanana na nyumba yangu."

"Siwezi kukubishia."

Nikaanza kukiona kisasi changu kinavyokaa. Atakifunga sebuleni. Kila jioni atakaa na Loveness wake, watasikiliza muziki uliopitia kwenye kitambaa cha deki, mpaka uzee, na hatajua kamwe. Kisasi kidogo, lakini changu. Nilikuwa nimeshachukua kitabu cha risiti aliposema:

"Nilisikia habari za mzee. Pole."

"Ulisikia lini?"

"Alipokwisha kuzikwa."

"Hukuja."

"Ningekuja kwa uso gani? Mzee wako alishanipa jibu lake." Akanyanyua mabega. "Tuyaache, Safiya. Maji yakimwagika hayazoleki."

Nikaweka kalamu chini. Marehemu wangu, aliyekaa kwenye mkeka kutwa nzima kwa ajili yake, leo ndiye mwenye makosa! Nikaona kumuuzia takataka hakutoshi. Takataka hata dukani kwa jirani zipo.

"Subiri, usilipe," nikamwambia. "Duka hili lina kanuni ya baba. Hakuna mtu anayelipa kabla sikio lake halijachagua."

Hiyo kanuni naifuata mpaka leo. Mteja anakaa kwenye kiti kimoja, katikati, mbele ya spika. Vigeuzi viwili vinafunikwa kwa khanga. Sauti ile ile inapigwa kwenye cha kwanza, halafu kwenye cha pili, na mteja hajui kipi ni kipi. Baba alikuwa akisema macho yana tamaa, sikio halina.

Ngassa akakaa. Nikafunika. Nikaanza na cha dhahabu.

"Wimbo gani?" akauliza.

"Si wimbo. Mashine nzuri huijui kwa gitaa. Utaijua kwa mambo madogo. Mtu anavyovuta pumzi. Kikombe kinavyowekwa mezani."

Kompyuta yangu ina faili moja ya sauti yenye urefu wa saa kumi na tatu. Siku ile ya posa baba alitaka maneno ya wageni yanaswe, ayasikilize tena akiwa peke yake, raha ya mzazi. Baada ya swala ya alfajiri nikaning'iniza kinasa sauti dirishani kukijaribu, nikakichomeka kwenye umeme, nikaenda zangu kwa shangazi kupakwa hina. Nilisahau kukizima. Kikanasa kutwa nzima. Kwa miaka mitatu nilikuwa nasikiliza sehemu moja tu, ya jioni, kwenye simu, ninapotaka kulia vizuri. Nikaisogeza mpaka hapo. Nikabonyeza.

Vyombo vikagongana. Sauti ya mama: "Baba Safiya, chakula kinapoa. Tuwape watoto?"

Na sauti ya baba, imekwaruza kwa ule mvumo wa sanduku la takataka, lakini yeye: "Bado. Watakuja. Kijana yule hana uongo."

Nilikuwa nimesimama pembeni nimekunja mikono, namtazama Ngassa. Nilitaka kuuona uso wake ukibomoka. Nilitaka ainame. Nilikuwa nimeisubiri sura hiyo kuliko nilivyosubiri chochote maishani.

Akakunja uso. Akageuka.

"Anamsubiri nani?"

"Nini?"

"Mzee. Anamsubiri nani?"

"Wewe una wazimu?" Nikamfuata mpaka kwenye kiti. "Anakusubiri wewe, mwana wa laana! Wewe na hao watu wako! Hiyo ni Jumapili ile. Alikaa hapo na kanzu yake tangu alasiri mpaka isha, majirani wanapita kutucheka, na wewe huko Geita duara limetema dhahabu, umeshatusahau!"

Akasimama.

"Safiya, usinichezee. Watu wangu walifika."

"Muongo!"

"Walifika. Baba mdogo Makoye na mwenzake. Walifika na baba yako mwenyewe akawakataa. Mlangoni."

"Muongo wa kutupwa! Unamsingizia marehemu? Marehemu, Ngassa?"

"Nitamsingiziaje mtu niliyemheshimu? Nilikaa kwa mama wiki nzima silali. Nimekuja leo hapa ili na wewe..." Akaelekeza kidole kwenye kompyuta. "Hiyo faili ina siku nzima?"

"Nzima. Tangu kunapambazuka."

"Irudishe mwanzo."

"Utaumbuka."

"Nitaumbuka. Irudishe."

Nikairudisha kwa hasira. Sasa tutaona nani muongo. Spika zikajaa mvumo, shhhh, kama mafuta ya maandazi yaliyochemka. Tukasikiliza dakika kumi. Mvumo tu. Ndiyo maana sikuwahi kuisikiliza sehemu hiyo, hata kwenye simu ilikuwa kelele tupu.

"Umeona?" nikasema. "Hakuna mtu. Hakuna hata mbuzi."

Alikuwa amefumba macho. "Vigeuzi viko viwili. Weka hicho kingine."

Hapo nikasita, nikiri tu. Ningeweza kumdanganya. Ningebonyeza kitufe kile kile, angejuaje, khanga imefunika. Angeondoka na aibu yake na mimi ningebaki na kisasi changu kizima. Lakini kanuni ni ya baba, si yangu. Sauti ile ile, mashine zote mbili.

Nikahamisha waya kwenda kwenye cha kijivu, nikairudisha tena mwanzo.

Mvumo ukafa. Kukawa kimya kiasi kwamba nilifikiri nimechomoa waya wa umeme. Halafu, mbali kule, jogoo. Fagio la mama uani, kwa-kwa-kwa. Kikohozi cha baba cha asubuhi, kile cha mara tatu. Nikashika ukingo wa meza. Sikuwa nimekisikia kikohozi hicho tangu afe.

Pikipiki ikaja, ikazimwa. Mnyororo wa geti ukalia.

"Hodi hapa," sauti nzito, ya Kisukuma hasa. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, wanangu, mwangaluka." Baba, mchangamfu, na Kisukuma chake cha kuombea chumvi.

"Hapa ndipo kwa Mzee Shaaban?"

"Ndipo, ndiye mimi."

"Tumetoka mbali, baba."

"Poleni sana. Kama ni redio, leo sigusi kazi, wanangu. Rudini kesho." Madereva wa malori ya Isaka walikuwa wakimletea redio zao alfajiri kila siku ya Mungu. "Ningewakaribisha ndani, ila leo nina wageni wa heshima, nyumba inaandaliwa. Ngojeni basi, msiondoke na kiu."

Nyayo zake za ndara zikaenda, zikarudi. Maji yakamiminwa kwenye kikombe. Yalisikika, wallahi, mpaka tone la mwisho. Mtu akanywa. Mwingine akanywa. Kikombe kikarudishwa.

"Tumepata, baba," ile sauti nzito ikasema, taratibu sana.

"Safari njema, wanangu. Mungu awatangulie."

Mnyororo. Pikipiki. Jogoo tena.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, sijui tangu saa ngapi. Ngassa alikuwa amesimama vile vile, mkono mdomoni.

"Huyo ni baba mdogo Makoye," akasema.

"Aliwapa maji," nikasema. "Baba aliwapa maji, Ngassa. Hakuwafukuza. Alidhani wana redio!"

"Kwa ukoo wetu mshenga anakwenda kabla jua halijapanda. Na hafungui kinywa mpaka apewe kiti. Kiti kwanza, ndipo anasema kilichomleta. Ukimpa maji amesimama mlangoni, umeshamjibu. Anakunywa, anashukuru, anaondoka. Na mlango ule haurudiwi." Akageukia kompyuta. "Baba mdogo alirudi akaniambia, 'Tumepewa maji tumesimama, na mzee anasema ana wageni wa heshima.' Nikajua umeposwa na mwingine siku hiyo hiyo. Watu wa pwani wenzenu."

"Wageni wa heshima ndio nyinyi!"

"Sasa najua."

"Wewe uliniambia Jumapili. Hukuniambia saa."

"Na wewe hukuuliza. Nilidhani saa ya posa inajulikana."

Inajulikana, ndiyo. Kila mtu anaijua ya kwao. Baba yangu aliwasindikiza washenga wa mwanawe kwa dua, akaingia ndani, akaoga, akavaa kanzu, akakaa kuwasubiri. Nikalia. Nililia kwa sauti ya msibani, mchana kweupe, dukani, mlango wazi. Muuza vocha wa nje akachungulia akaondoka.

Ngassa akachuchumaa mbele yangu, hakunigusa. "Nilikupigia mwezi mzima."

"Laini niliitupa chooni Jumapili ile ile."

"Nikataka kuja mwenyewe. Mama akasema, mwanamume hakataliwi mara mbili kwenye mlango mmoja. Akasema hao wanatuona wachunga ng'ombe."

"Na mimi mama akaniambia wachimbaji wote ndivyo walivyo, duara likitema wanahama." Nikafuta uso kwa ncha ya khanga. "Na leo ulifuata nini? Sema kweli. Geita hakuna maduka?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuja kukuumiza. Nilitaka uone shati, uone funguo. Nikutajie Loveness. Nilifanya mazoezi njia nzima."

"Na mimi nilikuwa nakuuzia takataka. Hiyo ya dhahabu. Ndani hamna kitu."

Akaitazama. Kicheko kikamtoka, kibaya, cha mtu aliyekabwa koo. Na mimi nikacheka, na machozi bado. Miaka mitatu nimepika kisasi, leo nafunua sufuria kimeungua na wa kumpakulia hayupo. Mtu asikwambie, chuki ya muda mrefu inazoeleka. Nilijiona mtupu bila yangu. Chini yake kulikuwa na kile kitu nilichokuwa nimekifukia, na macho ya Ngassa yalikuwa karibu, na mimi nilijua kwamba akinyoosha mkono sasa hivi sitaukataa.

Hakunyoosha. Akatoa simu.

"Nampigia baba mdogo. Jumamosi hakuna anayekwenda Runzewe."

Nikaipiga ile simu kofi ikaanguka.

"Safiya!"

"Baba yake Loveness ameshaambiwa?"

"Ameshaambiwa."

"Mama yake ameshanunua mchele?"

Akaitazama simu pale sakafuni.

"Nakuuliza! Ameshanunua?"

"Nadhani."

"Kwa hiyo Jumamosi na yeye akae kwenye mkeka wake mpaka isha? Majirani watafute kuku? Kwa sababu wewe umesikia sauti kwenye spika?" Nilisimama, na yeye akasimama. "Hapana. Hapo umekosea mtu. Utakwenda mwenyewe, leo, na huo mguu wako. Ukakae mbele ya mzee yule useme kwa mdomo wako. Na Loveness useme naye. Akikutukana, sikiliza. Akikutemea mate, futa. Na kama ukimwona moyo wako ukakwambia ndiye, muoe. Sitakufa."

"Ndiye nani? Nimemwona mara mbili. Mama ndiye aliyemtafuta."

"Mwambie hayo yeye."

Sitasema niliongea kwa wema tu. Yule msichana nilimhurumia, kweli. Lakini pia nilitaka Ngassa ajue inavyokuwa kusimama mbele ya mlango wa watu na habari mbaya mkononi, badala ya kumtuma mtu au kunyamaza. Deni la baba yangu alipaswa kulilipa kwa namna moja au nyingine, hata kama hakulikopa yeye peke yake.

Akaokota simu. Kioo kilikuwa na ufa. Akaiweka mfukoni bila kumpigia mtu.

"Nitafika Runzewe saa ngapi..."

"Una gari. Si ulitaka nilione?"

Akatikisa kichwa, akatabasamu ule upande mmoja, lakini safari hii macho yalikuwa mekundu. "Na kigeuzi?"

"Cha kijivu ndicho chako. Lakini leo siuzi."

"Lini?"

"Nenda kwanza, Ngassa."

Akaenda. Hatua, na ule mguu unaburuta. Nikazima amplifaya ili nisijitie wazimu kwa kuisikiliza tena. Alipofika mlangoni akasimama, akashika koo.

"Safiya. Samahani. Nina kiu, koo limekauka kabisa."

Nikaenda kwenye mtungi wa kona, nikajaza kikombe, nikamfuata. Alikuwa kizingitini, jua mgongoni mwake, amenyoosha mkono. Na mimi nimenyoosha kikombe. Vidole vyake vilikuwa vimekigusa tayari tulipotazamana, na kwa jinsi alivyoduwaa nilijua anaona ninachokiona mimi.

Nikakirudisha kikombe nyuma, maji yakanimwagikia mkononi. Kwa mkono mwingine nikavuta kile kiti cha kusikilizia, nikakiburuta mpaka mlangoni, miguu yake ikakwaruza sakafu yote.

"Kaa kwanza," nikamwambia.

Akakaa. Ndipo nikampa maji.